Usichome insha zako: maboksi manne ya falsafa na teolojia hapa Bagamoyo

Mwaka 2001 nilipoacha masomo ya upadre nilirudi nyumbani Bagamoyo na sanduku la bati lililojaa insha. Miaka mitatu ya falsafa na mwaka mmoja wa teolojia, zote kwa mwandiko wangu, kwenye fulskepu, nimezifunga kwa kamba ya katani. Wiki ya pili nikazichoma. Nilikuwa na uchungu na nilitaka mambo yale yaishe. Nilizirundika nyuma ya jiko la mama, nikazimwagia mafuta ya taa kidogo, nikasimama pale pale mpaka majivu yakaanza kupeperuka kuelekea minazini. Mama alitoka na ungo mkononi, akatazama, akauliza, "Hizo si ndizo ulizokuwa ukikesha nazo?" Sikumjibu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa leo unatoka kwa mtu aliyelifanya kosa lenyewe. Kama ulisoma teolojia au falsafa, uwe ulisoma seminari, chuo cha Biblia, chuo kikuu au chuo cha Kiislamu, na insha zako zipo uvunguni zinaliwa na mende, nakuomba usome haya kabla hujaamua la kufanya nazo.

Miaka minne iliyopita padre mmoja mzee aliyetufundisha falsafa alistaafu, akaja kupumzika huku pwani. Nilikwenda kumwamkia. Tulizungumza habari za watu tuliowajua, nani amefariki, nani yuko wapi, kisha akanionyesha kona ya chumba chake. "Mwanangu, mimi nazeeka na haya maboksi yanazeeka. Yachukue." Yalikuwa manne, yale ya kubebea rimu za karatasi. Ndani mlikuwa na insha za wanafunzi wake, za kwanza kabisa za 1979, za mwisho za 2006. Kumbe alikuwa na desturi ambayo sisi hatukuijua vizuri: kila mwisho wa muhula aliwaomba wanafunzi wawili watatu wamwachie kazi zao. Hakuchagua zenye alama za juu. Aliniambia alichagua zile zilizomnyima usingizi.

Nilizileta nyumbani kwa bodaboda, safari mbili. Tangu hapo jioni zangu nyingi zimekwenda humo.

Nianze na insha moja, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifundisha karibu yote ninayotaka kuyasema. Imo boksi la pili, ya mwaka 1988, kurasa sita, wino wa bluu wa kalamu ya kawaida. Mada ni wakati katika fikra za John Mbiti. Aliyesoma falsafa ya Kiafrika anamjua Mbiti: Mkenya, mtu wa Kitui, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 kilisomwa duniani kote. Alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili, akazipa majina ya Kiswahili, sasa na zamani. Ya mbele, alisema, karibu hayapo. Tukio la mbele likipita kama miaka miwili kutoka leo, mtu hana pa kulishika katika mawazo, na hata lugha haina wakati wa kitenzi wa kulibeba. Ushahidi wake mkubwa aliutoa kwenye Kikamba.

Sasa huyu mwanafunzi wa 1988 alikuwa mtu wa pwani. Insha yote ni ya Kiingereza, maana masomo yalikuwa ya Kiingereza, lakini ukurasa wa tatu anakata mstari katikati na kuchora jedwali kwa rula. Upande mmoja: jana, juzi. Katikati: leo. Upande wa pili: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Kisha anaandika, kwa Kiswahili kitupu, sentensi ambayo naijua kwa moyo: "Sisi siku za mbele tumezipa majina mengi kuliko za nyuma, mtu hampi jina mtoto asiyemtarajia."

Pembeni, kwa wino mwekundu, Padre ameandika: "Mtondogoo ni siku ya nne tu. Mbiti anasema miaka miwili. Hujamfikia." Na chini ya wino mwekundu, kwa penseli, kwa mwandiko wa mwanafunzi mwenyewe, hafifu kiasi kwamba ilinibidi niipeleke karatasi dirishani: "Kweli. Lakini bado naona amekosea."

Nimesoma vitabu vingi vya falsafa. Vichache vimenigusa kama mistari ile mitatu: dai, pingamizi, na mtu anayekubali pingamizi bila kuacha swali lake. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1987, mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alikuwa amechapisha kitabu kinachompinga Mbiti kwa njia hiyo hiyo, kwa maneno ya Kiakan. Sidhani kijana yule alikuwa amekiona. Alifika kwenye njia ile ile kwa miguu yake, akitumia maneno ya bibi yake. Ingekuwa insha ile imechomwa, nani angejua?

Basi la kwanza ninalokushauri: ukihifadhi insha, hifadhi ile iliyosahihishwa. Watu wengi huweka nakala safi, wakatupa ile yenye wino mwekundu kwa sababu inaaibisha. Ni kinyume. Nakala safi inaonyesha ulichokuwa unajua siku ile, na hicho unaweza kukipata popote. Ile yenye maoni ya mwalimu ina watu wawili wanaobishana, na falsafa yote imeishi hivyo tangu mwanzo. Anselm, alipokuwa bado mmonaki kule Bec, Normandy, aliandika mnamo 1077 na 1078 hoja yake mashuhuri kwamba Mungu ni yule ambaye hakuna kikubwa zaidi yake kinachoweza kufikiriwa, na kwa hiyo lazima awepo. Mmonaki mwenzake, Gaunilo, akamjibu kwa mfano wa kisiwa: kama hoja hiyo ni halali, basi nikifikiria kisiwa kilicho bora kuliko vyote, nacho lazima kiwepo. Anselm alifanya nini? Alimjibu, kisha akaagiza kwamba kila atakayenakili kitabu chake akinakili pamoja na pingamizi la Gaunilo na jibu lake. Hakuficha wino mwekundu. Ndiyo maana hadi leo tunamjua Gaunilo.

Nayataja haya kwa sababu nyingine pia. Katika boksi la tatu nilikuta insha moja ya kwangu, ya 1999, iliyopona moto kwa kuwa ilikuwa kwa Padre. Mada yake ni hiyo hiyo, Anselm na kisiwa. Nilikuwa nimejaza kurasa nne nikimsifu Gaunilo. Mwisho wake Padre ameandika: "Gaunilo aliyasema haya zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Wewe unasema nini?" Sikumbuki kama niliwahi kulisoma swali lile. Nilitazama alama, nikafunga. Nilipolisoma safari hii, nikiwa na miaka arobaini na ushee, nilikaa nalo usiku mzima, na ninaendelea kukaa nalo.

Hapo ndipo lilipokuja jaribu ambalo nawe litakupata. Nilichukua kalamu nikitaka kurekebisha. Kulikuwa na kosa la wazi ukurasa wa pili, nimechanganya hoja ya Anselm na hoja za Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, ambaye yeye mwenyewe hakukubaliana na Anselm katika jambo hilo. Mkono ulikuwa tayari. Nikaushusha.

Usirekebishe. Nakuomba sana. Mwenye kufanya kazi hii vizuri kuliko wote ni Agostino, askofu na mwanateolojia wa kale, na ni Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria. Mnamo 426 na 427, akiwa amepita umri wa miaka sabini, alikaa akapitia maandishi yake yote aliyoyakumbuka, kazi 93 zenye jumla ya vitabu 232, kwa utaratibu wa jinsi alivyoziandika. Penye kosa alisema hapa nilikosea, hapa neno hili silipendi tena, hapa sikueleweka. Lakini aliyasema kwenye kitabu kingine, pembeni. Zile kazi za zamani aliziacha zilivyo, kwa sababu zilikwisha kuwa mikononi mwa watu, na alisema kwamba atakayezisoma kwa utaratibu huo huenda akaona jinsi alivyosonga mbele kwa kuandika. Fanya vivyo hivyo. Chukua karatasi mpya, andika tarehe ya leo, andika unavyoona sasa, iweke nyuma ya ile ya zamani. Mimi nimeandika kurasa tatu za namna hiyo mpaka sasa.

Na kuna jambo linaloniuma ambalo lazima niliseme. Katika maboksi yale nimekuta insha saba au nane ambamo mwanafunzi, katikati ya Kiingereza, anaangukia Kiswahili kwa aya nzima. Si kwa uvivu. Ni pale ambapo fikra imekuwa nzito na lugha ya kuazima imekataa kuibeba. Moja inahusu kuwapo kwa Mungu. Mwandishi anasema Kiingereza kina neno moja tu la kuwapo hapo, wakati Kiswahili kinamlazimisha mtu achague: Mungu yupo, yuko, au yumo? Yupo, pahali dhahiri, yuko, pahali fulani usipopanyooshea kidole, yumo, ndani. Anaendelea: tunasema Mungu yupo, lakini tunapofarijiana msibani tunasema Mungu yuko, na wanateolojia wanaosema Mungu yumo katika viumbe vyote bila kufungwa navyo wangefurahi kujua kwamba Mswahili hulipata tatizo lao kwa kubadilisha herufi moja. Aya hiyo imekatwa kwa mstari mmoja mrefu, si kwa mkono wa Padre wangu, ni insha iliyotoka kwa mwalimu mwingine, na pembeni pameandikwa: "Tumia Kiingereza."

Ndiyo iliyokuwa kanuni, na mwalimu alitekeleza kanuni. Lakini Alexis Kagame, padre na mwanafalsafa wa Rwanda, aliandika tasnifu yake ya udaktari Roma, 1955, yote ikijengwa juu ya maneno ya Kinyarwanda, umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, akaonyesha kwamba ndani ya sarufi ya lugha mna mpangilio mzima wa vilivyopo. Tasnifu ile ilikuwa kazi ya mwanafunzi, iliyosahihishwa kama hizi zetu. Kwa hiyo ukiwa unapanga maboksi yako na ukakuta pale ulipoteleza ukaandika kwa lugha ya nyumbani, weka alama ya penseli hapo. Uwezekano ni mkubwa kwamba hapo ndipo ulipokuwa unafikiri mwenyewe.

Sasa mambo ya mikono, maana wengi wananiuliza hayo tu.

Bagamoyo na mji wowote wa pwani ni adui wa karatasi. Hewa ina unyevu na chumvi, na masika ikija kuanzia Machi, kuta zinatoa jasho. Maboksi yangu ya kwanza niliyaweka sakafuni, yakiegemea ukuta wa nyuma. Baada ya mvua za mwaka ule nikakuta boksi la nne limelowa chini na mchwa wamejenga handaki la udongo kutoka kwenye ufa hadi ndani ya insha za 1993. Nilipoteza kumi na moja. Leo maboksi yako juu ya chaga la mbao, kiganja na nusu kutoka ukutani, ili nione njia ya mchwa kabla haijafika. Kila mwezi nayafungua, yapate hewa kivulini. Usianike karatasi juani hata kama imelowa: jua huifanya ivunjike kama kaukau na huufuta wino. Tandaza kivulini penye upepo, weka gazeti chini, geuza taratibu. Wino wa kalamu ya kuchovya au ya kujaza ukilowa huenea, kwa hiyo hizo ndizo za kuokoa kwanza. Wino wa kalamu za kawaida huvumilia kidogo.

Toa pini za stepla na klipu zote. Zinakula kutu, kutu inatoboa. Mimi natumia kijiko chembamba kuzifungua na si kucha, kwa kuwa karatasi ya zamani huchanika kwenye tundu la pini. Mipira ya kufungia noti nayo itoe, ikizeeka huyeyuka na kung'ang'ania. Kurasa zishike pamoja kwa kuzikunjia karatasi nyeupe safi kama bahasha, na juu yake andika kwa penseli. Selotepu usiiguse kabisa, wala usipeleke insha dukani ikatiwe plastiki ya moto. Najua inapendeza ikitoka pale, inang'aa, lakini haitoki tena humo, na kama ina unyevu ndani umeifungia na ukungu wake. Mifuko ya nailoni pia hapana. Majani makavu ya mwarobaini ninayo chini ya kila boksi, nimeyafunga kwenye kipande cha kanga kuukuu yasiguse karatasi, wadudu wamepungua.

Kisha piga picha. Simu ya kawaida inatosha. Meza karibu na dirisha, saa tatu au saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Piga kila ukurasa, hata uliokuwa mtupu nyuma, kwa sababu nyuma ndiko watu walikoandika namba za simu za jamaa zao, hesabu ya nauli, na mara nyingine wazo bora kuliko la mbele. Jina la faili lianze na mwaka: 1988, kisha somo, kisha namba ya ukurasa, ili zijipange zenyewe. Weka nakala sehemu mbili, moja iwe nje ya nyumba unamokaa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi nami nina daftari la kaunta, mistari tu: mwaka, mada, kurasa ngapi, lugha, kuna maoni ya mwalimu au hakuna, na vitabu gani mwanafunzi amevitaja. Hilo la mwisho usiliruke. Kwa kulifuatilia nimeweza kuona mwaka ambao Mbiti anaanza kutajwa na mwaka ambao kila mtu anamtaja.

Lililo gumu zaidi ni ruhusa. Insha ya hesabu haina siri. Insha ya teolojia inayo. Katika maboksi haya yumo kijana aliyeandika kuhusu tatizo la uovu wiki tatu baada ya kumzika mdogo wake, na insha inaanza na Yobu na inaishia kwenye kitanda cha hospitali. Yumo aliyeandika kwamba haamini tena, akampa mwalimu wake karatasi hiyo kwa imani kuwa haitatoka. Leo huenda ni padre, au mchungaji, au baba wa watoto wanaomsikiliza akiongoza sala. Alimwachia Padre, hakuniachia mimi, wala hakuniruhusu niiweke mtandaoni. Haki ya maandishi ni ya aliyeandika; chuo kuwa na karatasi hakukifanyi kuwa mwenyewe. Na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, iliyopitishwa 2022, na imani ya dini ya mtu ni kati ya taarifa za kuchukuliwa kwa uzito mkubwa.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Sichapishi insha ya mtu bila kumpata na kumuuliza. Aliyefariki, nauliza familia. Nisiyempata, insha inakaa boksini, na nikiizungumzia naondoa jina, jimbo na chochote kitakachomtambulisha, kama nilivyofanya humu. Zile mbili tatu za maumivu makubwa nimezitia bahasha na kuandika juu yake mwaka ambao zisifunguliwe kabla yake. Kama wewe ni mwalimu na unataka kuanza kuhifadhi kazi za wanafunzi wako leo, waombe ruhusa leo, kwa maandishi, wakiwa mbele yako, na wape nafasi ya kukataa bila kuogopa alama. Ni dakika mbili. Mimi nimetumia miaka minne kuwatafuta watu ambao wangeweza kutia saini siku ile ile.

Hapa shuleni ninafundisha Divinity kidato cha tano na cha sita, na jirani yangu wa meza anafundisha elimu ya dini ya Kiislamu. Nilipomweleza habari za maboksi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, unaijua habari ya Imam Ghazali na majambazi?" Sikuijua. Akanisimulia. Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu aliyezaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, akiwa kijana alikuwa anarudi kutoka masomoni Jurjan, na maandishi yake yote ya darasani yamo mfukoni. Majambazi wakauvamia msafara, wakachukua kila kitu. Akawafuata. Mkubwa wao akamwambia rudi, utakufa. Akasema, chukueni vyote ila mnipe maandishi yangu, hayana faida kwenu, nimesafiri kwa ajili yake. Jambazi akacheka: vipi unadai una elimu, na sisi tumeichukua, ukabaki huna? Wakamrudishia. Ghazali alisema maneno yale yalikuwa kama Mungu ameyatia kinywani mwa jambazi ili kumwongoza, na akakaa miaka mitatu akihifadhi moyoni kila alichokuwa ameandika.

"Kwa hiyo, Ustadh, unaniambia nisihifadhi karatasi?"

"Nakwambia usiziweke boksini ukadhani umezihifadhi."

Alikuwa na haki, na tangu siku ile kazi yangu imebadilika. Kila Alhamisi baada ya vipindi tunakaa na wanafunzi wake na wangu chini ya mwembe, watu kumi na wawili hivi, tunasoma insha moja ambayo mwenyewe ameiruhusu. Kanuni ni mbili. Hakuna kunakili, na hakuna kusema mwandishi alikuwa mjinga. Nimegundua kwamba mwanafunzi akipewa Ghazali anamwogopa, akipewa insha ya kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekula ugali na maharage kama yeye, anabishana. Tulisoma ile ya yupo, yuko na yumo kwa wiki tatu. Binti mmoja wa kidato cha tano aliuliza kwa nini tunasema "Mungu yu pamoja nasi" bila hata moja ya viambishi vile, na hakuna kati yetu sisi walimu wawili aliyekuwa na jibu la haraka. Swali lake limeingia kwenye daftari, na tarehe.

Wengine wataniuliza faida yake ni nini, wakati vitabu vipo. Mimi huwajibu kwa Padre Charles Sacleux, mmisionari Mfaransa, ambaye aliishi hapa hapa Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19 akiandika maneno ya Kiswahili jinsi alivyoyasikia kwa watu. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa mwaka 1939, miongo minne hivi baada ya yeye kuondoka pwani hii. Miaka yote hiyo ilikuwa karatasi tu ndani ya masanduku, na lau mtu angezichoka, maneno mengi ya babu zetu tusingekuwa nayo kwenye maandishi.

Yule wa mtondogoo nilimpata mwaka jana. Ilinichukua simu tisa. Hakuendelea na upadre, ni mkulima upande wa Pangani, na sauti yake ni ya mtu anayezungumza akiwa anatembea. Nilipomsomea jedwali lake alinyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza Padre yu hali gani, nikamwambia bado yupo, macho tu. Akasema insha nitumie nitakavyo, lakini ana jambo hajamalizana na Padre.

Baada ya wiki tatu kondakta wa basi la Tanga linalopita Msata alinipigia nikachukue bahasha. Ndani mlikuwa na fulskepu moja, pande zote mbili, mwandiko ule ule ila mkubwa zaidi, na safari hii Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Anaandika kwamba baba yake alipanda minazi thelathini mwaka alioingia seminari. Mnazi wetu mrefu wa pwani, anasema, hauzai kabla ya mwaka wa sita au wa saba, na baba alikuwa tayari mtu mzima. Alichimba kila shimo akitaja jina la atakayeuangua: huu wa fulani, huu wa mtoto wa fulani ambaye bado hajaja. "Padre," anamalizia, "ulisema sijaifikia miaka miwili. Hii hapa."

Nilimpelekea Padre Jumapili, nikamsomea kwa sauti kwa kuwa macho yake hayaoni tena mwandiko. Aliniomba nirudie sehemu ya mashimo. Kisha akaomba kalamu nyekundu. Sikuwa nayo, nikaenda kununua dukani, nikarudi, nikamwekea mkono mahali pa pembeni. Ameandika maneno mawili, yamepanda juu kidogo kwa kuwa hakuwa anaona mstari: "Sasa umemfikia."

Nimeipiga picha, pande zote mbili, nikaiweka nyuma ya ile ya 1988.